Lori la babu Mambrui: ni la Mwitaliano kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Shambani kwetu Mambrui, chini ya mkanju, kuna lori kuukuu la vita. Marehemu babu alikuwa akituambia ni la Waitaliano na kwamba lilikwenda vitani Mogadishu mwaka 1941. Pua yake ni fupi, usukani uko kulia, kioo cha mbele kimeinama, na wavu wa rejeta una matundu ya mraba. Kibati cha kiwandani hakipo. Injini ipo lakini imekwama. Fundi wa hapa kwetu ataka kulipiga mchanga wa mashine lote, alipake kijani, kisha atie injini ya dizeli ya pikapu. Nimkubalie? Nimekuletea picha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie fundi wako asubiri, mashine ya mchanga isiguse chochote kwanza. Lori lisilo na kibati, habari zake zimebaki kwenye rangi, na rangi ikishakwanguliwa hairudi.

Nimezitazama picha zako mara nyingi. Hilo ni lori la Kanada, katika aina zilizotengenezwa na Ford kule Windsor na General Motors kule Oshawa kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na wenzake. Limejitambulisha kwa kioo: juu kimetokeza mbele, chini kimerudi ndani, ili mng'ao wa jua usionwe na rubani wa adui. Kebini hiyo huitwa namba 13, na ilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1941. Sasa piga hesabu. Jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Cunningham lilivuka kutoka Kenya likaitwaa Kismayu Februari 1941, na Mogadishu tarehe 25 mwezi huohuo. Wakati huo lori lenu lilikuwa halijaundwa.

Sisemi babu alidanganya, Mungu amrehemu. Ndege za Italia ziliupiga mabomu mji wa Malindi mwaka 1940, na mtu aliyeyaona hayo si ajabu kila chuma cha vita akakiita cha Mwitaliano. Usukani nao usikupe uhakika: malori makubwa ya Italia ya siku hizo, kama Lancia 3Ro, yalikuwa na usukani kulia vilevile. Ila Lancia ile ina pua ndefu na injini ya dizeli ya silinda tano. Ukiyaweka mawili haya pamoja hata mtoto atayatenganisha.

Matundu ya mraba ni ya Ford. Ya Chevrolet yamekatwa mshazari kama kashata. Pitisha kidole pembe ya juu kushoto ya huo wavu, chini ya kutu, utafute jina la kampuni lililopigwa pale. Hata hivyo wavu huhamishwa, kwa hiyo mimi hutaka ushahidi wa injini. Chevrolet ilikuwa na silinda sita za mstari mmoja, lita 3.5. Yako ni V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ile ya Ford ya lita 3.9, na katika picha ya nne mpira wa maji unatokea katikati ya kichwa cha silinda. Ford walibadilisha jambo hilo miaka michache baada ya vita, maji yakawa yanatokea mbele. Basi hiyo ni injini ya mtindo wa wakati wa vita, na nilipoiona nilifurahi sana.

Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma. Ukipata inchi 101, ni lile dogo la robo tatu ya tani. Inchi 158 ni aina ya Ford iitwayo F60L, ya tani 3. Ukipata 134 laweza kuwa F30 au F60S, niandikie tuendelee kuchunguza.

Kisha rangi. Chukua msasa laini wa maji na sabuni, usugue sehemu ya ukubwa wa kiganja ubavuni mwa boneti, polepole. Mlango mmoja nilioufanyia hivyo ulitoa manjano, ikafuata buluu iliyopakwa shambani, kisha kijani kilichochujuka, na juu ya kijani hicho L nyeupe yenye namba. Jeshi la Uingereza liliandika L kwa malori makubwa na Z kwa madogo; Afrika Kusini waliandika U. Ukiona hata nusu ya tarakimu, acha kusugua, piga picha.

Magurudumu usiyaguse peke yako. Rimu nyingi za malori haya ni vipande viwili vilivyoshikwa na duru ya nati, mbali na nati za kufungia gurudumu kwenye habu. Ukifungua duru hiyo tairi likiwa na upepo, kipande kitaruka na kuua. Toa kiini cha valvu, pitisha waya kwenye tundu uhakikishe halikuziba, ndipo ushike spana. Hili nalisema kwa kila mtu na sitachoka.

Injini iliyokwama usiivute kwa trekta huku gia imeingia, utavunja pistoni. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kila silinda, ngoja wiki mbili tatu, kisha jaribu kwa hendeli, kidogo mbele kidogo nyuma. Ikizunguka, fungua vichwa ukague nyufa kati ya valvu na silinda kabla hujanunua chochote. Katika V8 hii moshi hupita ndani ya bloku lenyewe, na joto hilo ndilo huipasua. Ikiwa bloku ni zima, injini ya pikapu haina kazi hapo. Ikiwa limepasuka, weka dizeli ukitaka, ila usikate chesisi wala kuitupa V8.

Kwa vyuma vidogo vilivyoliwa na chumvi ya bahari, magadi yanatosha: kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne za maji, kwenye pipa la plastiki. Waya hasi wa chaja ya betri ufunge kwenye chuma chako, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, kamwe si kile kisichoshika kutu, maana hutoa sumu. Alumini usiitie. Fanya nje, mbali na moto, kwa sababu gesi inayotoka hulipuka.

Nitumie hicho kipimo na picha ya pembe ya wavu.