Vepu imegoma kuchaji, duka linakutuma China

Pole ndugu yangu. Vepu (sigara ya kielektroniki) ya miezi miwili igome kuchaji, halafu muuzaji akwambie uwaandikie watengenezaji China? Hiyo ni danadana. Kwa kuwa ulinunua dukani hapa Uingereza, sheria ya haki za walaji ya 2015 inambana muuzaji mwenyewe, waranti ya kiwanda iwepo isiwepo. Siku 30 za kurudisha na kudai pesa zote zimeshapita, lakini ndani ya miezi 6 ni juu yake kuthibitisha kwamba kifaa kilitoka kwake kizima. Mwandikie barua pepe, ambatanisha risiti na video. Akitengeneza au kubadilisha na bado ikasumbua, dai pesa. Koili (kile kiwaya cha ndani kinachopasha kimiminika) ikiungua, sahau kuidai, hiyo huisha kama wembe. Betri ikivimba, usiichaji tena hata kwa kujaribu.