Goti linalovimba bila kuanguka si "damu nyepesi"

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Alipotahiriwa akiwa na mwaka mmoja, damu iliacha mchana ikaanza tena usiku, tukahangaika siku tatu. Sasa goti la kulia huvimba ghafla bila kuanguka, huwa la moto, linakaa wiki nzima ndipo linanywea. Hii ni mara ya tatu. Alipimwa picha kamili ya damu, wakasema chembe sahani ziko sawa, ana damu nyepesi tu. Jirani ananishauri juisi ya bitiruti, na kuna mzee anachua viungo na kuchanja chale. Ukoo wetu hauna mtu mwenye ugonjwa wa damu. Mdogo wake ana miezi minne, tunataka kumtahiri mwezi ujao. Nifanyeje? (Mama wa wawili, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Mdogo asitahiriwe mwezi ujao. Na huyo mzee asiliguse goti. Mengine nitakueleza, lakini hayo mawili usingoje umalize kusoma.

Nina miaka mingi kwenye kliniki ya magonjwa ya damu, na hakuna neno linaloniumiza kama hilo "damu nyepesi". Linasikika dogo, lakini limepoteza magoti ya watoto wengi. Mzazi akiambiwa damu ni nyepesi, ataenda kutafuta cha kuifanya nzito. Akidhani imepungua, atatafuta cha kuiongeza. Hapo ndipo wanapoingia wauza bitiruti, rozela, unga wa majani na sharubati za madini ya chuma. Vitu hivyo, vikisaidia, vinahusu wingi wa chembe nyekundu. Kuganda kwa damu ni habari nyingine kabisa. Tena bitiruti inaweza kugeuza mkojo kuwa mwekundu, na mtoto kama wako anaweza kweli kukojoa damu. Utajuaje kipi ni kipi?

Damu ya mwanao haina wepesi wowote. Ukiiweka kando ya yangu kwenye kichupa hutaona tofauti. Mtu akikatwa, kwanza chembe sahani hukimbilia tundu na kujibana pale. Kisha protini za damu, tunazoziita fakta na kuzipa namba, huamshana moja baada ya nyingine mpaka zitoke nyuzi za fibrini zinazoshika ile plagi isibanduke. Fikiria ukuta wa nyumba ya miti: chembe sahani ni fito, fibrini ni udongo wa kukandika. Mtoto mwenye hemofilia, yaani aliyezaliwa na upungufu wa fakta 8 (hemofilia A) au fakta 9 (hemofilia B), ana fito za kutosha, ila hazikandikwi. Damu haimtoki kwa kasi kuliko wengine. Inaacha, halafu baada ya saa kadhaa plagi inalegea na damu inarudi. Ndicho ulichokiona usiku ule baada ya kutahiriwa.

Sijampima mwanao, kwa hiyo sisemi ana hemofilia. Nasema kwamba mvulana aliyetoka damu namna hiyo, kisha goti likavimba mara tatu bila sababu, ni lazima apimwe kana kwamba anayo mpaka maabara iseme hana.

Picha kamili ya damu haiwezi kusema hivyo. Ile inahesabu fito. Udongo haiuulizi kabisa, na mwenye hemofilia hesabu yake huwa nzuri tu. Hata kile kipimo cha zamani cha kuchoma kidole na kutazama saa, damu itaacha kwa muda wa kawaida kwa sababu tundu ni dogo na chembe sahani zinatosha. Wazazi wengi wameniletea karatasi ya namna hiyo wakiwa na furaha kwamba "hana kitu", huku mtoto anachechemea mlangoni. Kinachotakiwa ni APTT na PT, vipimo viwili vya muda ambao damu huchukua kuganda: kwa hemofilia APTT hurefuka, PT hubaki ya kawaida. Baada ya hapo hupimwa kiwango cha fakta 8 na 9 kila moja peke yake. Chini ya asilimia 1 ni hemofilia kali, 1 hadi 5 ni ya kati, juu ya hapo hadi 40 ni hafifu. Damu huchukuliwa kwenye kichupa cha sitreti (dawa inayozuia damu isigande), kile chenye kifuniko cha bluu, na lazima ifike kwenye mstari. Kichupa kikijazwa nusu, sitreti inazidi na APTT itarefuka hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Usione haya kumwambia mchukua damu aangalie mstari.

Sasa hilo goti. Watu wanaogopa damu wanayoiona, kisu kikikata kidole. Damu inayolemaza wenye hemofilia ni ile isiyoonekana. Ndani ya kiungo kuna utando laini. Damu ikivuja mle, utando unaifyonza, chuma kilichomo kinauchoma, unavimba na kuota mishipa mipya ambayo ni dhaifu kuliko ya kwanza. Mishipa hiyo inavuja kwa urahisi zaidi, na mzunguko unaendelea. Kila mara gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, linalika kidogo. Unaposema uvimbe "unanywea" baada ya wiki, unachokiona kutoka nje ni kupona, na ndani kuna kitu kimepungua ambacho hakitarudi. Kwa hiyo mara ya tatu kwenye goti lilelile siichukulii kama jambo la kungoja.

Ukielewa hivyo, utaona kwa nini nilianza kwa kumkataza mzee. Kuchua kiungo kilichojaa damu ni kubandua plagi iliyojaribu kushika. Chale ni kufungua milango kumi mipya kwa mtoto asiye na cha kuifungia. Nilipokea mvulana ambaye goti lake lilidhaniwa ni jipu, tena na mtu aliyevaa koti jeupe, likapasuliwa. Usaha haukutoka. Ilitoka damu, na ikatoka siku kadhaa kabla hajafika kwetu akiwa mweupe kama karatasi. Aliokoka. Mguu huo haukunjuki hadi leo.

Vitamini K nayo huandikwa sana. Inasaidia pale ini linapokosa malighafi ya kutengenezea baadhi ya fakta, kama kwa mtoto mchanga au mtu aliyekunywa dawa fulani. Mwenye jeni iliyoharibika hana upungufu wa malighafi. Maelekezo yenyewe ndiyo yameharibika. Na fakta 8 haitegemei vitamini K hata kidogo.

Umesema ukoo wenu hauna ugonjwa huu. Karibu theluthi moja ya wenye hemofilia wanazaliwa katika familia ambazo haijawahi kuonekana, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumwondolei mwanao chochote. Hemofilia hupita kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama, mama akiwa mbebaji, yaani ana jeni iliyoharibika na anaweza kuirithisha, ndiyo maana huwa tunauliza habari za wajomba na watoto wa mama wadogo kuliko za upande wa baba. Wanazuoni wa Kiyahudi waliliona hilo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita: katika Talmudi, mama aliyefiwa na wana wawili kwa kutahiriwa, wa tatu hatahiriwi, na suala hilo likapelekwa hadi kwa watoto wa dada zake.

Nakuomba usikubali wakwe wakubebeshe lawama. Mwaka 1993 watafiti waligundua kwamba karibu nusu ya wenye hemofilia A kali wana kasoro ya aina moja: kipande kirefu cha jeni ya fakta 8 kimegeuka juu chini. Walipofuatilia inazuka wapi, wakakuta ni kwenye mbegu za kiume kwa sehemu kubwa sana. Yaani mara nyingi ilianzia kwenye mbegu ya babu mzaa mama, mwenyewe akiwa mzima, binti yake akawa mbebaji asiyejua, na mjukuu ndiye akaja kuumwa. Hakuna aliyekula kibaya, aliyerogwa wala aliyekosa adabu.

Kama wewe ni mbebaji, kila mtoto wa kiume ana nusu kwa nusu. Huyo wa miezi minne apimwe. Fakta 8 inaaminika tangu kuzaliwa, lakini fakta 9 huwa chini kwa wachanga wote, kwa hiyo ikionekana pungufu kidogo itarudiwa akishatimiza miezi sita. Akikutwa hana hemofilia, mtahirini kwa furaha. Akiwa nayo bado anaweza kutahiriwa, ila hospitali yenye fakta mkononi. Wewe pia upimwe, maana wabebaji wengine wana viwango vya chini na hutoka damu nyingi wakati wa hedhi au baada ya kujifungua.

Omba rufaa kwenda Muhimbili, ambako kuna kliniki ya hemofilia. Wasomaji wa Kenya waende Kenyatta au Moi, Eldoret. Tiba ni kumrudishia mtoto fakta anayokosa, kwa mshipa, na sehemu kubwa ya fakta zinazotumika kwetu ni msaada kupitia Shirikisho la Dunia la Hemofilia la Montreal. Bora zaidi ni kuchoma kabla damu haijavuja. Hili lilianzia Malmö, Sweden, mwaka 1958: Inga Marie Nilsson aliona wenye fakta kidogo tu, asilimia 1 hadi 5, viungo vyao haviharibiki sana, akaamua kuwainua wale wa hali kali wafike hapo. Utafiti wa Marekani wa 2007 ukathibitisha: wavulana waliochomwa mapema kwa ratiba, walipofika miaka sita asilimia 93 walikuwa na viungo visivyo na dosari kwenye picha ya MRI. Waliochomwa baada ya kuvuja walikuwa asilimia 55. Mwanao ana mitano, mama. Tangu 2017 ipo pia emisizumabu, inayochomwa chini ya ngozi na kufanya kazi ya fakta 8 bila kuwa fakta 8.

Kuhusu "dawa ya kuponya kabisa" inayozungushwa kwenye simu: tiba ya jeni ipo kweli, iliidhinishwa Ulaya na Marekani kuanzia 2022, kwa watu wazima, kwa mamilioni ya dola. Anayekuuzia ya kunywa kwenye pakiti ni mwizi.

Goti likivimba tena kabla hujafika: mtoto apumzike, barafu ndani ya kitambaa, mguu uinuliwe, na kwa maumivu parasetamoli peke yake. Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, na asichomwe sindano ya msuli.

Haya ya mwisho nawaambia wenzangu wa zahanati na maduka ya dawa, kwa sababu sindano ya diklofenaki ya makalio ndiyo inayotangulia wagonjwa wangu karibu wote. Inaharibu kazi ya chembe sahani kwa mtoto ambaye hizo ndizo zilizombakia, na tundu lenyewe linajaza msuli damu. Mvulana akiletwa na goti la moto, kabla hamjavuta dawa kwenye bomba muulizeni mama mambo matatu. Alipotahiriwa, damu iliacha ikarudi? Jino likitoka, mto huamka na damu? Una kaka au mtoto wa dada aliyekufa kwa kutoka damu?