Maji ya Bomba la Asbesto: Je, Tumeshakunywa Kansa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mabomba ya maji mtaani kwetu ni yale ya zamani ya simenti iliyochanganywa na asbesto, juzi moja likapasuka mafundi wakaja wakalikata kwa mashine vumbi likatimka mpaka milangoni kwetu, ndo jirani akaniambia maji tuliyokunywa miaka yote yana nyuzi za asbesto na zinaleta kansa. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Tangu hapo usingizi hauji, maji ya kunywa nayachemsha mpaka yanabaki nusu ili hizo nyuzi ziishe. Tumeshaharibikiwa?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama. Kuchemsha kwa ajili ya vijidudu endelea, ila kwa asbesto hakusaidii. Asbesto ni madini, ni jiwe lenye nyuzi, moto wa jikoni hauliwezi, na maji yakipungua nusu nyuzi zinabaki zilezile ndani ya maji machache zaidi. Mtoto mnyonyeshe kama kawaida, hakuna sababu ya kuacha.

Sasa kansa. Asbesto inaleta kansa, hilo halina ubishi, na taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO (IARC) imeziweka aina zote kwenye kundi la vinavyosababisha kansa: ya mapafu, ya zoloto (sehemu ya koo inayotoa sauti), ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke) na mesotelioma inayoshika utando unaozunguka mapafu au tumbo. Lakini ushahidi huo karibu wote umetoka kwa watu waliovuta VUMBI. Nyuzi ikiingia ndani ya pafu inakwama, mwili hauwezi kuiyeyusha, inakwaruza na kuwasha miaka nenda rudi, ndo maana mesotelioma inaweza kutokea miaka 20 hadi 40 baadaye. Za kumeza nyingi zinapita tu na kutoka na choo.

Kuna mji Marekani unaitwa Duluth, kampuni ya madini ya chuma ilianza 1955 kumwaga mabaki ya mawe kwenye Ziwa Superior ambako mji ulichota maji, 1973 ikagundulika watu wanakunywa nyuzi za aina ya asbesto, kesi ikaenda mahakamani na mji ukajenga mtambo wa kuchuja. Takwimu za kansa zikafuatiliwa na halikuonekana ongezeko la wazi la kusema hili limeletwa na maji. Ila siwezi kukwambia hatari ni sifuri, maana huko Norway walinzi wa minara ya kuongozea meli waliokunywa maji ya mvua ya mapaa ya asbesto walionekana kuugua zaidi kansa ya tumbo, utafiti ulitoka 2005. Kwa tumbo na utumbo mpana IARC inasema ushahidi upo lakini hautoshi. WHO haijaweka kiwango cha mwisho kwenye maji, Marekani wameweka nyuzi milioni 7 kwa lita, zile zenye urefu unaozidi mikroni 10 (mikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu).

Kwa hiyo mama, maji uliyokwishakunywa yasikukoseshe usingizi. Kilichonikera mimi kwenye barua yako ni ile mashine! Bomba la asbesto halikatwi kwa mashine kavu, linaloweshwa kwanza, linakatwa kwa kifaa cha mkono na watu wanakaa mbali. Kwa kuwa ilikuwa mara moja hatari kwenu ni ndogo, lakini vumbi lililobaki msilifagie, futeni kwa kitambaa kibichi, na vipande vya bomba watoto wasivichezee. Halafu nendeni kama mtaa mamlaka ya maji mkadai vipimo vya nyuzi na pia pH (kipimo cha asidi kwenye maji), kwa sababu maji yenye asidi yanakula simenti na hapo ndo nyuzi zinaachia. Ukitaka kuchuja nyumbani tafuta filta ya mikroni 1 au chini yake, kitambaa hakizuii kitu.

SWALI: Mume wangu ndo fundi wa kukata hayo mabomba, anavuta na sigara, nguo zake nafua mimi kwa mkono. Nifanye nini?
Msomaji

JIBU: Dada, wewe ndo una haki ya kuwa na wasiwasi kuliko wote. Wapo wake za wafanyakazi walioumwa mesotelioma bila kukanyaga kiwandani, walikuwa wanakung'uta na kufua nguo za kazi tu. Nguo hizo zisiingie ndani, avulie kazini na aoge hukohuko, na kama lazima zifuliwe nyumbani usizikung'ute, zitumbukize kwenye maji kabla ya kuzigusagusa. Mwajiri ndo anapaswa kumpa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile ya kitambaa haisaidii kitu. Na sigara aache, aache kabisa, kwa sababu sigara na asbesto zikikutana hatari ya kansa ya mapafu haijumlishwi, inazidishwa. Aende hospitali apimwe kifua na amwambie daktari wazi kazi anayofanya na ameifanya miaka mingapi, wengi hawasemi na daktari hawezi kubahatisha.