Jibu: Mguu ndio ulioumia, mbona mapafu?

Ndugu, umeuliza kwa nini majeruhi wa bodaboda aliyeletwa Dodoma kutoka Manyoni, mguu umefungwa kamba kuzuia damu isitoke, alianza kuhema kwa shida baada ya kamba kufunguliwa. Msuli ukikosa damu zaidi ya saa 2 huanza kuharibika. Ukifunguliwa, damu yenye potasiamu (madini yanayovuja kutoka kwenye msuli ulioharibika), asidi na seli nyeupe za damu zilizochokozwa hupitia moyoni, kisha mishipa midogo ya kwanza kuipokea ni ya mapafu. Seli hunasa humo, kuta huvuja, maji huingia kwenye vifuko vya hewa. Tafadhali, msilegeze njiani eti mguu upate damu! Andikeni saa mliyofunga. Hospitalini, dripu ya chumvi isiyo na potasiamu na kipimo cha mapigo ya moyo (ECG) vitangulie kabla ya kufungua, maana potasiamu inaweza kusimamisha moyo ndani ya dakika chache. Mapafu huchelewa, hivyo oksijeni ifuatiliwe siku 2 hadi 3.