Usichague kozi kwa kufuata umati

Hongera kwa kuchaguliwa, mdogo wangu. Umeuliza uchukue kozi gani za hiari mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), na kama ni kweli kwamba matokeo ya mwaka huo "hayahesabiwi". Yanahesabiwa! GPA ya mwisho, yaani wastani wa alama zako kwenye kipimo cha hadi 5, inakusanya alama tangu muhula wa kwanza, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Ukianguka mapema, miaka miwili inayobaki utaitumia kutoka shimoni badala ya kupanda mlima.

Kozi za lazima, zikiwemo stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo, utazikuta zimeshapangwa. Wewe hesabu kredit zilizobaki. Kredit moja ni kama saa 10 za kazi, kwa hiyo kozi ya kredit 12 inakudai saa 120, kujisomea kukiwemo. Watu wengi hulisahau hili wanapojaza kozi kwenye mfumo.

Mimi nilifuata wenzangu kwenye kozi waliyosema ni "mteremko". Tulijaa ukumbini hadi wengine wakasimama mlangoni, mada sikuipenda, nikaishia kufanya sapu (mtihani wa marudio) Septemba wakati wenzangu wako nyumbani. Iliniuma sana.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ingia vipindi vya kozi tatu au nne, omba muhtasari wa kozi, uliza wanafunzi wa mwaka wa pili mwalimu anapimaje. Ukibadili mawazo, badilisha kabla dirisha la usajili halijafungwa. Na angalia ratiba isigongane, tafadhali.