Friji imesoma chini ya sifuri usiku, Penta zimo ndani

Pole dada, umesema asubuhi umekuta friji ya zahanati inasoma -2 na kile kimraba kwenye lebo ya Penta (chanjo ya magonjwa matano) bado cheupe so unaona ziko poa. Hapana aisee, kile kimraba kinaonyesha joto tu, chanjo ikiganda chenyewe hakisemi kitu. Penta, PCV (ya nimonia) na Td (ya pepopunda na dondakoo) ndo zinaharibika zikiganda, chanjo ya surua yenyewe inavumilia (ila maji yake ya kuchanganyia usiyagandishe). Usimchanje mtoto yeyote nazo kwanza, zitenge kwenye nyuzi 2 hadi 8, andika saa na kipimo, mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya leo leo. Mtafanya testi ya kutikisa, yani unachukua kichupa kimoja cha bechi ileile unakigandisha makusudi mpaka kiwe barafu kabisa, kikishayeyuka unakitikisa pamoja na kile unachokishuku unaviweka mezani, unachokishuku masimbi yake yakituama chini haraka sawa na ya kile ulichogandisha basi kimeharibika, hakitumiki. Na siku za mkoba (wa kubebea chanjo), aisipaki (zile pakiti za barafu) usizitoe frizani ukapakia hapohapo, ziache mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani.