Sweta moja haitoshi Colorado mwezi wa tisa
Dada, umeuliza kama sweta moja inatosha kupanda nayo milima ya Colorado, Marekani, katikati ya Septemba. Haitoshi, nakuomba usijaribu. Denver, mji mkuu wa jimbo hilo, mchana unaweza kuvaa fulana, lakini mji uko mita 1,600 tu juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Trail Ridge, inayopita juu ya milima hiyo, inapanda hadi mita 3,713, na kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Bado upepo. Asubuhi anga safi kabisa, saa nane mchana wingu limeshafunga na mvua ya mawe inashuka, au theluji. Septemba 7, 2020, joto la Denver lilipita nyuzi 30. Kesho yake theluji ikaanguka mjini hapohapo, sembuse mlimani!

Beba koti la mvua, sweta nzito, kofia ya sufu na glavu. Za watoto ziwe jozi mbili, maana zikilowa hazikauki. Pandeni mapema, adhuhuri muwe mnashuka, na kabla ya kutoka uliza kama barabara iko wazi.

Ila usiahirishe safari. Wakati huo majani ya miti ya aspen yanageuka rangi ya dhahabu, mlima unang'aa hata chini ya mawingu.